Lishe ya kinda wa tarantula huanzia katika sanduku la nyenje

BUIBUI mkubwa mwenye manyoya, ambaye ulimwengu humjua kwa jina la tarantula, huwatia watu wengi kiwewe. Hata hivyo, nchini Marekani, Uingereza, Ujerumani na mataifa mengine kadhaa, kiumbe huyo hufugwa nyumbani jinsi wengine wafugavyo kasuku au samaki wa mapambo.

Aghalabu mfugaji humnunua akiwa kinda, mwili wake haujafikia hata punje ya mchele. Jike wa baadhi ya spishi akilelewa vyema huweza kuishi zaidi ya miaka 20. Akilelewa vibaya, huenda asimalize hata miezi michache.

Wasiomfahamu hudhani kwamba hatari kuu inayomkabili kinda huyo ni njaa. La hasha. Tarantula ameumbwa kustahimili siku nyingi bila chakula. Yanayomwangamiza upesi zaidi ni kiu, mdudu aliyeachwa ndani ya chombo chake wakati usiofaa, na sumu iliyobebwa na mdudu huyo.

Kwa sababu hiyo, anayetaka kumfuga tarantula sharti awe mfugaji wa wadudu kwanza. Afya ya buibui hutegemea afya ya nyenje, inzi na mabuu anaolishwa.

Asili ya tarantula

Jina tarantula linatokana na mji wa Taranto, kusini mwa Italia. Hapo kale lilitumiwa kumtaja buibui wa aina nyingine kabisa, kabla ya wasafiri kulihamishia kwa buibui wakubwa wenye manyoya waliowakuta katika mabara mengine. Wataalamu huwaweka tarantula katika familia ya Theraphosidae, yenye spishi zaidi ya 1,000 zinazopatikana Amerika, Afrika, Asia, Australia na sehemu chache za Ulaya.

Afrika Mashariki nayo ina wake. Anayejulikana zaidi ni Pelinobius muticus, aliyeelezwa kisayansi na Mjerumani Ferdinand Karsch mwaka 1885. Buibui huyo huishi Kenya na Tanzania, ana rangi ya kutu, na miguu yake ikitandazwa huweza kufikia sentimita 20. Huchimba shimo refu ardhini na kujificha humo mchana kutwa. Akichokozwa husugua viungo vyake na kutoa sauti ya kufoka.

Tofauti na jamaa zake wengi wa Amerika, tarantula wa Afrika hana manyoya ya kuwasha anayoweza kumrushia adui. Kinga yake ni chonge zake, na kuumwa naye ni jambo la maumivu makali. Hivyo basi, anayeanza ufugaji hushauriwa kuchagua spishi tulivu, mathalan Tliltocatl albopilosus wa Amerika ya Kati, ambaye pia si mgumu kulisha.

Jinsi anavyokula

Tarantula hatafuni na kumeza kama afanyavyo mnyama mwenye meno. Humchoma mdudu kwa chonge, humpulizia sumu, kisha humtapikia vimeng'enya vinavyoyeyusha nyama. Baadaye hufyonza mchuzi huo na kuacha kidonge kidogo cha magamba na mabaki.

Kidonge hicho hakina budi kuondolewa kwa kibano siku inayofuata. Kikiachwa katika chombo chenye unyevu huota ukungu, na ukungu huwaita utitiri na inzi wadogo.

Kwa vile chakula cha buibui huingia mwilini kikiwa majimaji, kinda hahitaji kukamata windo aliye hai ili ashibe. Msituni makinda wengi hula hata mzoga wa mdudu waliyemkuta. Maelezo haya ni muhimu kwa mfugaji ambaye kinda wake ni mdogo mno kiasi cha kutishwa na nyenje anayerukaruka.

Kinda alishwe nini, na kwa kiasi gani

Kipimo rahisi ni kwamba mdudu aliye hai asizidi ukubwa wa tumbo la kinda. Kwa makinda wadogo kabisa, wanaofaa ni inzi wa matunda wasioweza kuruka na nyenje waliototolewa karibuni, ambao urefu wao ni milimita 2 hivi.

Wadudu wadogo kiasi hicho wasipopatikana, mfugaji huweza kumuua nyenje mkubwa na kumkatakata, au kukata kipande cha buu. Paja moja la nyenje latosha kuwa mlo kamili. Kipande huwekwa karibu na mlango wa shimo la kinda jioni, na mabaki huondolewa asubuhi.

Kinda mchanga hulishwa mara 2 kwa wiki. Miguu yake ikitanuka kufikia sentimita 5 hivi, mara 1 kwa wiki hutosha. Tarantula mkomavu hulishwa kila baada ya wiki 2 au zaidi, na asishangaze mtu akikataa kula kwa miezi kadhaa.

Tumbo ndilo mizani ya mfugaji. Likiwa dogo kuliko kifua cha buibui na limenywea, aongezewe chakula. Likiwa mara moja na nusu ya kifua, ameshiba. Likizidi hapo na kuwa kama puto, asilishwe hadi lipungue.

Baadhi ya wafugaji hulisha kila siku na kuongeza joto wakitaka kinda akue haraka. Ni kweli kwamba chakula kingi na joto huharakisha ukuaji. Lakini haraka haraka haina baraka: tumbo lililojaa kupindukia ni kama mfuko wa maji, na buibui akianguka kutoka kimo cha sentimita 20 tu huweza kupasuka na kufa. Ndiyo maana chombo cha tarantula wa ardhini hujazwa udongo mwingi, ili nafasi ya kupanda kuta iwe ndogo.

Wakati wa kujivua gamba

Mwili wa buibui umefunikwa na gamba gumu lisilotanuka. Ili akue, sharti alivue na kuota jipya. Kinda hufanya hivyo mara nyingi katika mwaka wake wa kwanza, na kila mara maisha yake huwa katika hatari.

Siku au wiki kadhaa kabla ya tukio hilo, kinda hukataa chakula. Tumbo lake huwa jeusi na kumeremeta, na huenda akaziba mlango wa shimo lake kwa utando na udongo. Mgeni katika ufugaji hudhani kuwa kinda ni mgonjwa au amekufa ndani, akafukua shimo ili amwone. Hilo ni kosa kubwa. Kinda aliyejifungia aachwe, ila unyevu wa udongo udumishwe.

Siku ya kujivua ikifika, tarantula aghalabu hulala chali, miguu ikitazama juu. Wapo waliowatupa jalalani buibui walio hai kwa kudhani kuwa wamekufa. Ni vyema ikumbukwe kuwa tarantula akifa, kwa kawaida hubaki kifudifudi, miguu ikiwa imejikunja chini ya mwili kama ngumi. Aliyelala chali aghalabu yumo kazini, na hapaswi kuguswa.

Hapa ndipo nyenje hugeuka kutoka kuwa chakula na kuwa mwuaji. Tarantula aliyetoka kujivua gamba ana mwili mwororo na chonge nyeupe zisizoweza kuchoma chochote. Nyenje mwenye njaa aliyeachwa chomboni humtafuna akiwa hana nguvu za kujitetea. Kanuni ni moja: mdudu asiyeliwa kwa saa 24 atolewe.

Baada ya kujivua, kinda hungojewa siku 4 hadi 7 kabla ya kulishwa tena, na mkomavu wiki 2 au zaidi. Chonge zinazoonekana nyeupe au nyekundu bado hazijakomaa. Zikishakuwa nyeusi, mlo wa kwanza waweza kutolewa.

Maji ni uhai

Buibui hana misuli ya kunyoosha viungo vikuu vya miguu yake. Misuli aliyo nayo hukunja tu. Kunyoosha hufanywa na msukumo wa damu inayoelekezwa miguuni, mfano wa mpira wa maji unaokakamaa bomba linapofunguliwa.

Maji yakipungua mwilini, msukumo huo hupungua na miguu huanza kujikunja. Kinda ana mwili mdogo na gamba jembamba, hivyo hukauka upesi kuliko mkubwa. Anaweza kuvumilia wiki 3 bila nyenje, lakini akafa katika siku chache za ukavu.

Makinda hulowanishiwa sehemu moja ya udongo na kuachiwa sehemu nyingine kavu, ili wajichagulie. Tone la maji likiwekwa ukutani mwa chombo hunywewa. Kinda akikua kidogo, kifuniko cha chupa chenye maji safi hutosha kuwa kisima chake. Hahitaji sponji, kwani sponji hufuga vijidudu na uvundo.

Kufuga nyenje

Nyenje ndio chakula kikuu cha tarantula wanaofugwa. Spishi mbili zinazotumiwa sana ni Acheta domesticus, yaani nyenje wa nyumbani mwenye rangi ya kahawia isiyokolea, na Gryllus bimaculatus, nyenje mweusi mwenye madoa mawili ya manjano mgongoni.

Wakenya si wageni wa kazi hii, ingawa wao huifanya kwa sababu nyingine. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Jaramogi Oginga Odinga, kilichoko Bondo katika Kaunti ya Siaya, kimefanya utafiti kuhusu ufugaji wa nyenje kwa ajili ya chakula cha binadamu. Nacho kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe jijini Nairobi kimetoa jina lake kwa nyenje wa humu nchini, Scapsipedus icipe, aliyetangazwa kuwa spishi mpya mwaka 2018.

Makao ya nyenje ni sanduku la plastiki lenye kuta laini zisizopandika. Tundu kubwa hukatwa katika kifuniko na kuzibwa kwa wavu wa chuma, maadamu wavu wa nailoni hutafunwa. Ndani huwekwa trei za mayai za karatasi zikiwa zimesimamishwa wima, ili wadudu wapate mahali pa kujificha bila kusongamana na kinyesi chao kidondoke chini.

Joto linalofaa ni nyuzi 28 hadi 32. Chini ya hapo nyenje huishi lakini hukua polepole na kutaga mayai machache.

Chakula chao chaweza kuwa pumba za ngano, shayiri iliyosagwa au chakula cha vifaranga, pamoja na vipande vya karoti, malenge au majani ya sukuma wiki yaliyooshwa vizuri. Maji huwekwa katika pamba iliyoloweshwa, kwa sababu nyenje wachanga huzama hata katika tone. Wakikosa maji au protini, huanza kulana wenyewe kwa wenyewe.

Jike hutambulikana kwa mwiba mrefu ulio nyuma ya mwili wake, autumiao kutagia. Huwekewa kibakuli cha udongo au makumbi ya nazi yaliyosagwa, yenye unyevu na kina cha sentimita 3. Baada ya siku chache kibakuli huhamishiwa katika sanduku jingine lenye joto, na mayai huanguliwa baada ya siku 10 hivi. Kutoka hapo nyenje huhitaji wiki 6 hadi 8 kukomaa.

Mfugaji mwenye masanduku mawili au matatu ya umri mbalimbali huwa na wadudu wa kila ukubwa wakati wote. Hapo ndipo huona faida ya kazi yake: kinda anapokua, windo linalomfaa huwa limekwisha kukua pia.

Adui wa nyenje ni unyevu na uchafu. Sanduku linalonuka huashiria kinyesi kilicholowa, na hewa yake huua wadudu kwa wingi. Magonjwa pia yapo. Mnamo 2009 na 2010, virusi viitwavyo densovirus vilifyeka nyenje wa nyumbani katika mashamba ya Marekani Kaskazini, baada ya kuwasumbua wafugaji wa Ulaya kwa miaka mingi. Tangu hapo wafugaji wengi hawategemei aina moja tu ya mdudu.

Wadudu wengine wa kulisha

Inzi wa matunda, Drosophila melanogaster na Drosophila hydei, hufaa kwa makinda wadogo kabisa. Wanaouzwa kwa ajili hiyo ni wa nasaba zisizoweza kuruka. Hufugwa ndani ya chupa yenye uji mzito wa viazi au ndizi mbivu, hamira kidogo na siki ya kuzuia ukungu, mdomo wake ukifungwa kwa kitambaa. Kizazi kipya cha melanogaster hupatikana katika siku 10 hadi 14. Hydei ni mkubwa kidogo, naye huchukua takribani wiki 3.

Mabuu wa mbawakawa aitwaye Tenebrio molitor ndio rahisi zaidi kufuga. Huishi ndani ya pumba za ngano, na kipande cha karoti huwapa maji. Wakiwekwa katika friji mahali pasipo na baridi kali, ukuaji wao hupungua na huweza kuhifadhiwa kwa wiki nyingi. Kasoro yao ni kwamba huchimba udongo na kutoweka, hivyo kichwa hupondwa kabla ya buu kutolewa.

Mende wa aina ya Blaptica dubia, mwenye asili ya Amerika Kusini, hupendwa kwa sababu hapigi kelele, hanuki sana na hawezi kupanda ukuta laini. Huzaa wana walio hai badala ya kutaga mayai hadharani. Anapenda joto la nyuzi 30 hivi, na kundi jipya huhitaji miezi kadhaa kabla halijaanza kuvunwa.

Wadudu wote hao hulishwa vyema kwa siku 1 hadi 2 kabla ya wao wenyewe kuliwa, ili virutubisho vilivyomo matumboni mwao vimfikie buibui. Nyenje aliyenunuliwa akiwa amedhoofika kwa njaa ni ganda tupu. Hapana haja ya kuwapaka unga wa madini ya kalisi kama wanavyofanyiwa mijusi, kwa vile buibui hana mifupa.

Wadudu wa kuepukwa

Mende wa jikoni, nzi wa jalalani na panzi wa shambani wasitumiwe. Huenda wamepitia mahali palipopuliziwa dawa ya kuua wadudu, na kiasi kisichomuua mende mkubwa chaweza kummaliza kinda. Mboga wanazolishwa nyenje nazo zisiwe zenye mabaki ya dawa za shambani.

Hatari nyingine ni minyoo wadogo wasioonekana kwa urahisi, ambao hukaa mdomoni mwa tarantula na kumfanya ashindwe kula. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Riverside, walitangaza spishi mpya ya minyoo hao na kuiita Tarantobelus jeffdanielsi. Jina hilo ni la mwigizaji Jeff Daniels, aliyeshiriki filamu ya kutisha kuhusu buibui, Arachnophobia, iliyotolewa mwaka 1990.

Tarantula aliyeambukizwa hudhoofika kwa njaa ilhali chakula ki mbele yake. Kinga ni usafi: mabaki yaondolewe, inzi wadogo wazuiwe, na buibui mgeni atengwe na wengine kwa muda.

Thamani ya kinda mmoja

Huenda msomaji akauliza kwa nini mtu ajisumbue hivi kwa ajili ya buibui. Jibu limo ardhini, katika nchi wanakotoka buibui hao.

Pelinobius muticus hukua polepole sana, na jike huhitaji miaka mingi kukomaa. Mfanyabiashara asiyetaka kungoja huona ni rahisi kufukua shimo na kumtwaa jike mkomavu, ambaye ndiye angetaga mayai ya kizazi kijacho. Kila jike anayeng'olewa hivyo huacha pengo la miaka mingi.

Ulimwengu umeanza kulitambua tatizo hilo. Tarantula wa Mexico wa jenasi ya Brachypelma wako chini ya udhibiti wa mkataba wa kimataifa wa CITES, na mwaka 2019 mkataba huo ulipanuliwa ili kuwajumuisha Poecilotheria wa India na Sri Lanka.

Nchini Kenya, Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 haiwalindi ndovu na vifaru pekee. Mnamo Mei 2025, mahakama ya uwanja wa ndege wa JKIA jijini Nairobi iliwatoza watu wanne faini ya Sh1 milioni kila mmoja, au kifungo cha miezi 12, katika kesi za ulanguzi wa sisimizi waliokusudiwa kuuzwa kwa wafugaji wa ng'ambo. Anayemfukua buibui porini bila kibali hana sababu ya kutarajia huruma zaidi.

Njia iliyobaki ni kuzalisha na kulea. Kifuko kimoja cha mayai ya tarantula huweza kutoa makinda wengi, wakati mwingine mamia, na kila anayefikia ukomavu mikononi mwa mfugaji humpunguzia mnunuzi sababu ya kumtafuta aliyetolewa shimoni mwake. Lakini makinda hao watakomaa tu iwapo aliyewanunua aliandaa sanduku safi la nyenje, tone la maji, na subira ya kutolisha wakati usiofaa.